Wageni wanafungua tovuti lakini hawapigi simu: tuanzie wapi?

Swali: Nina nyumba ya wageni hapa Tukuyu, vyumba vinane. Mwaka jana kijana wa jirani alinitengenezea tovuti. Ni nzuri, ina picha zinazopita zenyewe na muziki kwa mbali. Kwa takwimu anazonionyesha, wanaingia watu zaidi ya mia tatu kwa mwezi, lakini wanaonipigia hawafiki hata kumi, na hao nao wanauliza "mko wapi?" na "chumba shilingi ngapi?" Sasa kijana anasema tovuti imepitwa na wakati, anataka laki nane anitengenezee mpya. Nimpe, au niachane na tovuti nibaki na Instagram tu?

Jibu: Mama, shikamoo. Hiyo laki nane usiitoe kwanza. Nimeifungua tovuti yako kwenye simu ya bei ya kawaida, mchana, nikiwa Uyole pale magari yanapokata kona kwenda Tukuyu, maana mgeni wako mwingi atakuwa mahali kama hapo: kasimama juani, begi begani, bando linakaribia kukata. Nitakueleza nilichokiona. Lakini jibu kubwa umeshaliandika wewe mwenyewe kwenye swali lako. Watu wanapiga kuuliza mko wapi na bei gani. Huyo anayepiga ametoka kwenye tovuti yako bila kupata mambo mawili aliyoyafuata, na bado akawa na moyo wa kununua vocha. Wenzake hawakupiga. Wamelala kwingine.

Kabla hatujaendelea, hizo mia tatu zisikutie presha. Kihesabuji kinachokuja na seva nyingi za bei nafuu (seva ni kompyuta inayohifadhi tovuti) huhesabu kila anayegonga mlango, na wagongaji wengi si watu, ni roboti: za Google, za injini nyingine za kutafuta, na nyingine zinazozunguka usiku na mchana kutafuta fomu za kujaza matangazo. Mwambie kijana atenganishe watu na roboti, na atenganishe wanaotumia simu na wanaotumia kompyuta. Sitashangaa mia tatu ikishuka ikawa themanini. Na themanini hao, ikiwa wanane wanapiga, hali si mbaya kama ulivyodhani. Ila inaweza kuwa nzuri zaidi.

Tuje kwenye uzito. Juu ya ukurasa wa kwanza kuna picha saba zinazopokezana. Zote zimewekwa kama zilivyotoka kwenye kamera ya simu, kila moja kama MB 4. Jumla MB 28. Mtandao ukiwa unakwenda megabiti 2 kwa sekunde, jambo la kawaida kabisa ukiingia mabondeni Rungwe, hizo MB 28 ni megabiti 224 (MB moja ni megabiti 8), yaani karibu dakika mbili za kuangalia kiduara kikizunguka. Na bando lake ndilo linalolipa. Jakob Nielsen, mtafiti wa Denmark aliyefanya kazi zake nyingi Marekani, aliandika mwaka 1993 kwamba mtu akisubiri zaidi ya sekunde 10 akili yake inahamia kwenye jambo jingine. Kompyuta zimebadilika tangu hapo, binadamu hajabadilika. Google nao wanataka kitu kikubwa cha kwanza kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5.

Kinachouma ni kwamba uzito wote huo hauna faida. Kamera ya megapiseli 12 inatoa picha yenye piseli, yaani vidoti vinavyounda picha, 4000 kwa 3000. Kioo cha simu nyingi za bei nafuu kina upana wa piseli 720. Kwa hiyo kati ya piseli milioni 12 ulizomtumia mgeni, simu yake inaonyesha zisizofika laki nne, nyingine zote inazitupa. Amelipia mzigo ambao hata kuuona hawezi.

Dawa yake haihitaji fundi. Punguza picha iwe na upana wa piseli 1200 au hata 1000, na uihifadhi katika WebP, muundo wa faili unaobana picha iwe nyepesi. Kuna programu ya bure ya Google inayofanya kazi hiyo ndani ya kivinjari, inaitwa Squoosh: unaweka picha, unavuta kidude cha ubora hadi kwenye 75 hivi, unaona kwa macho yako kama picha imeharibika au la, unaipakua. Picha ya MB 4 itashuka ikawa KB 150 au chini ya hapo. Ukikosa muda wa hayo yote, jitumie picha kwenye WhatsApp kwa ubora wa kawaida, usichague HD, kisha uihifadhi upya. WhatsApp imeshakupunguzia. Wataalamu wenzangu watanicheka kwa ushauri huo, lakini unafanya kazi.

Na zile picha zinazopita zenyewe, ziondoe. Sijawahi kuona mgeni aliyekaa akisubiri picha ya tano. Weka moja tu juu, nzuri, nyingine zikae chini kwenye ukurasa wa vyumba, na kijana aziwekee `loading="lazy"` ili simu isizishushe mpaka mgeni atakapozifikia. Aandike pia upana na urefu wa kila picha kwenye msimbo. Asipofanya hivyo, maandishi yanaonekana kwanza, picha inafika baadaye na kuyasukuma chini, mgeni aliyekuwa anataka kugusa "Vyumba" anajikuta amegusa tangazo la harusi. Limenitokea kwenye tovuti yako mara mbili.

Muziki sitauzungumzia kwa kirefu. Vivinjari vingi siku hizi vinauzuia usijianzishe wenyewe, na pale unapofanikiwa kupiga, mgeni yuko kwenye Costa kabanana na watu. Utoe.

Sasa picha zenyewe. Tatu kati ya saba si za kwako. Kuna kitanda cheupe chenye mito sita, dirisha linaangalia bahari na minazi. Mama, Tukuyu ni migomba, chai na ukungu, na anayekuja huko anajua. Akiona minazi anajiuliza kama na hivyo vyumba ni vya kweli. Piga picha vyumba vyako kama vilivyo, asubuhi mapazia yakiwa wazi, kitanda kimetandikwa, bila mtu kusimama mlangoni. Kisha upige picha vitu ambavyo watu hawavipigi: choo na bafu, geti likiwa wazi, sehemu ya kuegeshea gari, na hita ya maji ya moto. Mtu wa Dar es Salaam anayeijua baridi ya Tukuyu ya mwezi wa sita na wa saba ataitafuta hiyo hita kuliko picha ya bustani. Bafu safi lililopigwa picha kwa simu linauza chumba kuliko maneno "huduma za hadhi ya kimataifa".

Hayo maneno nimeyatoa kwenye ukurasa wako wa kwanza. Unaanza hivi: "Karibu sana kwenye tovuti rasmi ya nyumba yetu ya wageni. Sisi ni waongozaji katika utoaji wa huduma bora na za kisasa zenye kukidhi matakwa ya wateja wetu wapendwa." Baada ya sentensi hizo mbili bado sijui niko Tukuyu, Njombe au Mafinga. Kwenye simu zimejaza kioo kizima. Ningeandika hivi:

"Nyumba ya wageni Tukuyu mjini, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka stendi. Vyumba vinane, kila kimoja kina choo ndani na maji ya moto. Mtu mmoja Sh 35,000, wawili Sh 50,000, pamoja na chai ya asubuhi. Maegesho ndani ya geti."

Chini yake vitufe viwili: Piga simu, Tuma WhatsApp. Bei na dakika nimebahatisha, weka za kwako. Ila mpangilio uwe huo, maana ndio mpangilio wa maswali wanayokupigia. Chukua daftari, weka kando ya simu, kwa wiki mbili andika kila anachouliza mpigaji kabla hajasema anakuja. Kuna maji ya moto? Gari litalala wapi? Chakula cha jioni mnapika? Mnapokea saa ngapi usiku? Hilo daftari ndilo litakalomwambia kijana nini kiwe juu na nini kiwe chini. Hakuna mtaalamu wa Dar au wa nje atakayekupangia vizuri kuliko hao wapigaji.

Najua wengi mnaogopa kuweka bei. Hoja ninayoisikia kila siku ni kwamba mshindani ataiona, au mteja atakimbia kabla hujapata nafasi ya kuongea naye. Mshindani wako anaijua bei yako, yupo mtaa wa pili. Na mteja anayekimbia kwa sababu ya elfu thelathini na tano angekimbia hata kwenye simu, tofauti ni kwamba angekupotezea muda kwanza. Afisa anayekwenda semina anatakiwa kupanga bajeti saa hiyo hiyo, hawezi kuandika "maelewano" kwenye fomu yake ya posho. Weka bei kwa shilingi, sema nini kimo ndani yake, na uandike mwezi na mwaka ulipoihakiki. Bei ikipanda, badilisha siku hiyo hiyo.

Namba ya simu. Ya kwako ipo, lakini imechorwa ndani ya picha ya bango. Nimeigusa, haikupiga. Nimejaribu kuinakili, haikunakilika. Mgeni akitaka kupiga anatafuta kalamu, au anaikariri tarakimu tatu tatu huku akiruka kutoka tovuti kwenda kwenye kibao cha kupigia. Namba iandikwe kama maandishi, iwekewe linki inayoanza na `tel:` ikiwa na +255 mbele, ili hata aliye Lusaka au Lilongwe akiigusa ipige. Kwa WhatsApp linki ni `wa.me/` ikifuatiwa na 255 na namba bila sifuri ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha. Unaweza kuifanya ije na ujumbe tayari, "Habari, naulizia chumba tarehe…", mgeni anamalizia tu. Hivyo vitufe viwili vigande chini ya kioo, vimfuate popote aendapo kwenye tovuti.

Kisha kuna ile fomu ya kuweka nafasi. Ina vijisanduku kumi na moja, ikiwemo "Jimbo", neno lililotoka moja kwa moja kwenye templeti ya Marekani, na "Jina la kampuni". Niliijaza yote. Ikaniambia asante, tutawasiliana nawe. Nilipokuuliza, ukasema hukuona kitu. Inaelekea inatuma barua pepe kwa kijana, au kwenye anwani ya mfano iliyokuja na templeti. Huko kuna wageni wako waliokwama, na kila mmoja anaamini wewe ndiye uliyempuuza. Leo hii mwambie aangalie. Halafu fomu ibaki na vitu vitatu: jina, simu, tarehe za kuja na kuondoka. Kisanduku cha simu kiandikwe `type="tel"` ili kibao cha namba kijitokeze chenyewe. Mengine utamuuliza ukimpigia. Kuna sababu nyingine pia ya kuuliza machache: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka anayekusanya taarifa za watu achukue zile tu anazozihitaji na azitunze vizuri. Namba ya kitambulisho cha mgeni ambaye hata hajafika huihitaji.

Kuhusu mahali mlipo, umeweka ramani ya Google ndani ya ukurasa. Ni nzito, na kwenye simu kidole kikiteleza juu yake kinasogeza ramani badala ya ukurasa, mtu anakwama hapo. Weka linki tu, "Fungua ramani", itamfungulia programu ya ramani aliyonayo tayari. Lakini chini yake uandike njia kwa maneno, jinsi tunavyoelekezana: ukitoka Mbeya unafika Uyole, unakata kulia barabara ya Kyela, kutoka Mbeya mpaka Tukuyu ni kama kilomita 70, ukishuka stendi tazama kituo gani cha mafuta, kanisa gani, geti rangi gani. Mgeni wa ndege anashukia Songwe, upande wa pili wa jiji la Mbeya, kwa hiyo mwambie mapema kwamba atalivuka jiji zima kabla ya kuianza hiyo barabara ya Tukuyu. Nauli ya bodaboda kutoka stendi mpaka kwako nayo iandike. Utakuwa umemwokoa.

Na ukiwa kwenye habari ya ramani, jisajili kwenye Google kama biashara. Ni bure. Unaweka jina, mahali, simu, saa, picha. Mtu akiandika "gesti Tukuyu" unatokea na kitufe cha kupiga hata kabla hajafika kwenye tovuti. Kwa biashara ya ukubwa wako, ningemlazimisha kila mtu afanye hili kwanza, tovuti baadaye.

Ukurasa wako wa matembezi ndio ulionisikitisha zaidi, kwa sababu hapo una mali na umeiacha imelala. Umeandika: "Tunapeleka wageni Ziwa Ngosi, Daraja la Mungu, Kijungu, Kitulo na Matema." Mstari mmoja. Mtu aliyeko Dodoma au Ujerumani anayeandika "jinsi ya kufika Ziwa Ngosi" hawezi kukupata kwa mstari huo. Kila mahali papewe ukurasa wake. Ngosi: unaacha lami Isongole, unakwenda na mwongozaji, unapanda msituni mpaka ukingo wa kreta na ziwa unaliona chini, njia inateleza vibaya mvua ikinyesha, kwa hiyo viatu vyenye meno na koti la mvua. Daraja la Mungu: daraja la mwamba la asili juu ya mto Kiwira, kazi ya lava, karibu na Chuo cha Magereza, na Kijungu mnaweza kupitia siku hiyo hiyo. Kitulo: hifadhi ya taifa tangu 2005, anayekuja Agosti akitegemea maua atakulaumu bure, mwambie maua ni msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili. Andika muda wa kutoka kwako na kurudi, gharama ya gari, kiingilio kipo au hakipo, na miezi ya kuepuka. Wewe haya unayajua kwa kichwa, hauhitaji kumlipa mtu akuandikie. Na anayesoma ukurasa wa Ngosi anahitaji pa kulala. Mwisho wa ukurasa kuwe na linki ya vyumba.

Linki nazo ziseme zinakokwenda. Kwako kuna "bofya hapa" sita kwenye ukurasa mmoja. Mtu asiyeona, anayetumia programu ya kumsomea kioo, huwa anaruka kutoka linki hadi linki. Atasikia "bofya hapa, bofya hapa, bofya hapa". Andika "Angalia vyumba na bei". Picha vilevile ziwe na maelezo mafupi ndani ya msimbo, yanamsaidia huyo huyo, na yanamsaidia yule ambaye picha imegoma kufunguka.

Rangi. Pale Uyole juani sikuweza kusoma jina la nyumba yako. Ni herufi nyeupe nyembamba juu ya picha ya mashamba ya chai, na sehemu ya juu ya picha ni ukungu. Nyeupe juu ya nyeupe. Sehemu nyingine ni kijivu hafifu juu ya nyeupe, mtindo ambao wabunifu wanaupenda kwa sababu wao wanafanya kazi ndani, mbele ya kioo kikubwa. Mwongozo wa kimataifa wa W3C, shirika linalopanga viwango vya wavuti, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na yale makubwa 3 kwa 1. Kijivu chako, ambacho namba yake ya rangi ni #999999, kinapata 2.8 na ushei. Kikikolezwa kufika #767676 kinavuka mstari kwa tabu. Mimi ningeweka nyeusi tu, au kijani kilichokolea sana kama unapenda chai yako ionekane. Herufi zisiwe chini ya piseli 16. Vitufe viwe vya kugusika: mwongozo huo toleo la 2023 unasema angalau piseli 24 kwa 24, Apple wanashauri 44, na mimi niko upande wa Apple, kwa sababu mgeni anashika simu kwa mkono uleule unaoshika kichwa cha kiti.

Menyu yako imefichwa ndani ya vistari vitatu, na ukivigusa unakuta "Simulizi Yetu", "Ndoto", "Ladha", "Safari". Ipi ina bei? Sikuipata mpaka nilipofungua "Ladha", nikakuta bei ya kuku na chini yake bei ya vyumba. Vitu vinne vinatosha, vionekane bila kufichwa: Vyumba na bei, Jinsi ya kufika, Matembezi, Chakula. Lile dirisha linaloruka kumwomba mgeni barua pepe yake sekunde chache baada ya kuingia, na alama ya kulifungia ndogo kama punje ya ulezi, liondoke leo.

Kiswahili na Kiingereza umevichanganya, aya hii lugha hii, aya ile lugha ile. Tenganisha. Kila lugha iwe na kurasa zake, na kijana aandike `lang="sw"` kwenye za Kiswahili, ndipo programu za kusomea na za kutafsiri zijue zinashika nini. Bendera kwa ajili ya kuchagua lugha sipendi. Andika jina la lugha.

Baada ya hayo kufanyika, fanya jaribio. Nielsen huyo huyo aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kukuonyesha sehemu kubwa ya kasoro za tovuti, na kwa kazi ninazozifanya naona ni kweli, mara nyingi wa tatu anapomaliza umeshajua. Tafuta dereva wa bodaboda, mwalimu, muuza duka la vocha, mgeni aliyelala kwako jana, na mtu mzima anayevaa miwani. Mpe kila mmoja kwa wakati wake, atumie simu yake mwenyewe na wewe umlipie bando. Usimwambie "angalia tovuti yangu uniambie ikoje", kwa sababu atakusifia, sisi tumelelewa hivyo, hatumkosoi mtu mzima mbele yake. Mpe kazi: "Wewe na mwenzio mnalala Tukuyu Ijumaa. Niambie mtalipa kiasi gani." Akimaliza: "Umeshuka stendi saa mbili usiku. Nionyeshe unafikaje." Usitumie maneno yaliyoandikwa kwenye vitufe, maana utakuwa umemwonyesha njia.

Kisha unyamaze. Hapo ndipo pagumu. Kijana wako atataka kusema "hapana, gusa hapo juu". Mkalishe mbali. Wewe tazama kidole gumba. Kinaposimama hewani, ujue mtu anasoma na haelewi. Anapotumia vidole viwili kukuza, herufi ni ndogo. Anaporudi nyuma mara mbili mfululizo, jina la menyu limemdanganya. Akikuuliza "ni hapa?", mjibu "wewe unaonaje?" Andika ulichokiona, si alichokisema. Ukiona watatu kati ya watano wamekwama mahali pamoja, hapo ndipo pa kurekebisha kesho. Alipokwama mmoja peke yake, subiri.

Kuhusu Instagram: baki nayo, inafaa kuonyesha kwamba mpo na mnaishi, picha ya leo, ukungu wa leo. Lakini bei uliyoiweka Machi imeshazama chini ya picha mia, na anayetafuta kwenye Google usiku wa manane haioni. Tovuti ni mahali ambapo jibu linakaa palepale. Ukurasa wa kwanza kabisa wa wavuti, aliouweka Tim Berners-Lee, mbunifu wa wavuti, kule CERN, kituo cha utafiti wa fizikia Uswisi, mwaka 1991, ulikuwa maandishi na linki tu. Nakala yake ipo mpaka leo na inafunguka kwenye simu yoyote. Wa kwako ukiwa mwepesi nusu ya huo, pamoja na picha zako nane nzuri, umeshawapita wengi wenye hoteli kubwa.

Kwa hiyo kijana usimwagize tovuti mpya. Huu ni ukarabati: kupunguza picha, kubadili maandishi ambayo utamwandikia wewe, kurekebisha namba na fomu, kupanga menyu, kukoleza rangi. Ni kazi ya siku chache, mlipe kwa siku, na akimaliza aipime kwa PageSpeed Insights ya Google, ambayo nayo ni bure, aangalie alama za simu na si za kompyuta. Ahakikishe pia anwani inaanza na https, maana tangu Julai 2018 Chrome, kivinjari cha Google, inaandika "si salama" kwa isiyo nayo. Cheti cha usalama kinachohitajika kwa hilo siku hizi kinapatikana bure, asikutoze.

Swali la mwisho ambalo hukuniuliza: jina la tovuti, hilo la .co.tz, limesajiliwa kwa nani? Mwombe akuonyeshe jina la mmiliki na barua pepe iliyotumika. Kama ni vya kwake, akipata kazi Dodoma akabadili namba, siku usajili unapoisha hakuna atakayepokea taarifa na jina linaweza kuchukuliwa na mtu mwingine. Lihamishieni kwako, kwa barua pepe yako, nywila uiandike kwenye daftari lile lile la maswali, na mfanye hivyo kabla hamjagusa picha hata moja.